Sola au biogesi? Kwanza hesabu ng'ombe
Shemeji yangu hapa Bombo alitaka ushauri: afunge sola au achimbe mtambo wa biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na samadi? Nikamuuliza ana ng'ombe wangapi.

Sola ni rahisi kuanza nayo. Paneli juu ya bati, betri, na jioni taa zinawaka, simu zinachajiwa. Jua la huku karibu na ikweta halina uchoyo, ila vumbi la barabarani hutanda kwenye paneli, usipolifuta umeme unapungua. Kasheshe ni kupika. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, hubeba yuniti 1.2 tu, na ile ya maji ya asidi ukiitumia zaidi ya nusu unaifupishia maisha. Jiko la wati 1,000 litamaliza nusu hiyo kwa dakika 36. Maharage hata hayajalainika!

Biogesi inapika. Moto wa buluu, sufuria haishiki masizi, na tope linalobaki unaimwagia migomba. Lakini mtambo wa mita 6 za ujazo hutaka kama kilo 40 za samadi kila siku, zikorogwe na maji kiasi hichohicho. Hao ni ng'ombe wawili watatu wa zizini, na mtu wa kubeba madumu. Kuujenga ni ghali kuliko sola ndogo, ila ukijengwa vizuri hudumu miaka mingi, wakati betri utabadilisha tena na tena.

Shemeji ana ng'ombe mmoja, tena mzururaji. Nikamwambia afunge sola ya taa, apikie mkaa kwanza. Ng'ombe wengine wakija, tutachimba.