Trapu fupi ya bathtabu kwenye nafasi finyu: uzoefu wangu

Trapu hii fupi (kile kipande kilichopinda chini ya tundu la bathtabu, kinachobakiza maji ya kuzuia harufu) naipendekeza, ila kwa bathtabu inayoogewa. Kama yako inasubiri wageni wa Krismasi, soma mpaka mwisho kabla hujatoa pesa.

Nyumba yetu iko Tororo, Uganda. Bathtabu imebanwa kati ya kuta tatu, na chini yake ni zege. Kutoka tundu la kutolea maji hadi sakafuni hazikutimia sentimita 8. Trapu ya kawaida haiingii hapo bila kuvunja sakafu, na fundi bomba tayari alikuwa na tindo mkononi. "Mama, tunachimba kidogo tu." Hiyo kidogo ya mafundi naijua! Nikamwomba asubiri.

Trapu fupi niliipata Kampala, kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa Nakivubo, kwa shilingi 38,000. Muuzaji alinitolea mbili zinazofanana: moja inabakiza maji ya kina cha milimita 50, nyingine 20 tu. Maji hayo ndiyo yanayozuia harufu ya maji machafu isipande chumbani, kwa hiyo ukiwa na nafasi chukua ya 50. Mimi sikuwa nayo.

Nendeni dukani na kipande cha paipu yenu. Paipu ya "inchi moja na nusu" si moja: kuna yenye upana wa nje wa milimita 48, kuna ya 43, na ile ya vipimo vya milimita ni 40 kamili. Mpira wa trapu hii unashika ya 40 na ya 43. Ya 48 haiingii hata ukipaka sabuni.

Kuifunga ndiko kulikonifurahisha. Spana haina pa kuzungukia kule chini, lakini nati zake ni pana na zinakazwa kwa mkono. Paipu ikatwe sawasawa bila mshazari, kingo zisuguliwe kwa msasa, kisha ivishwe nati, halafu mpira, upande mwembamba ukielekea kwenye trapu. Gundi haihitajiki. Fundi aliitaka kwa mazoea. Nilikataa, kwa sababu siku ikiziba nataka kuifungua. Kwa sababu hiyohiyo ubao wa ubavuni tuliufunga kwa skrubu badala ya kuujengea vigae. Paipu ya kutokea tuliipa mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita.

Kupima, tulijaza maji mpaka tundu la juu la kupunguzia, tukachomoa kizibo na kuzungushia karatasi ya chooni kila kiungo. Ilibaki kavu.

Sasa kasoro. Milimita 20 ni maji kidogo sana. Kwetu wengi bado tunaoga kwa beseni na kata, bathtabu inakaa bila kuguswa, na jua la Tororo mnalijua. Maji yakikauka, harufu inapanda bila hodi. Dawa yake ni kumwaga kata moja ya maji kila wiki, na anayekumbuka nyumbani ni mimi peke yangu. Jambo la pili, haina kifuniko cha kusafishia chini, hivyo nywele zikijaa inabidi uifungue yote.

Nyota nne kati ya tano. Wakitengeneza yenye kifuniko hicho kwa bei hiihii, nanunua nyingine ya bafu la mama mkwe.