Mboji ya Makapi ya Chikichi kwa Udongo wa Mfinyanzi: Tathmini Kutoka Bonde la Luiche

Mboji inayouzwa kwa magunia pale Ujiji, ile inayotengenezwa kwa makapi ya chikichi yaliyochanganywa na samadi ya mbuzi, nimeitumia kwenye bustani yangu ya mboga iliyo pembezoni mwa bonde la mto Luiche, mkoani Kigoma, na ninaipendekeza kwa yeyote anayelima udongo mzito, ilimradi aikague kabla ya kulipa.

Udongo wa huku unajulikana. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza bapa la jembe, na mvua zikishika hugeuka tope, maji yakatuama kwenye mashina ya nyanya hadi majani yakapauka. Shida yake kubwa si rutuba, kwani chembe za mfinyanzi, ambazo kila moja haifikii upana wa milimita 0.002, hushika virutubisho vizuri kuliko mchanga. Kinachokosekana ni nafasi ya hewa na njia ya maji. Kwa hiyo mbolea ya dukani peke yake haitoshi, na kumwaga mchanga kidogo kidogo, kama wengi wanavyofanya, huishia kuufanya udongo mgumu kama tofali.

Hapo ndipo mboji hii inapostahili sifa. Nyuzi za chikichi haziozi upesi kama majani ya maharage, hivyo huendelea kuuachanisha udongo muda mrefu baada ya samadi kuisha nguvu, huku viumbe wadogo wanaozila wakitoa ute unaozikusanya chembe za mfinyanzi kuwa punjepunje. Nilipanda bilinganya kwenye tuta lenye mboji na kwenye tuta la jirani lisilo nayo. Baada ya mavuno niliyang'oa mashina: mizizi ya tuta la kwanza ilikuwa imeshuka na kusambaa, na udongo ulioshikamana nayo ulivunjika kwa kuuminya kwa vidole viwili, nyungunyungu wakiwamo ndani, ilhali mizizi ya tuta la pili ilikuwa imefika kwenye safu ngumu, ikapinda na kutambaa juu juu.

Kasoro kubwa ni kwamba ubora haulingani. Kati ya magunia niliyoletewa, moja lilikuwa bado lina joto na harufu kali kama ya mkojo, dalili kwamba halijaiva. Mboji changa ya makapi si ya kupandia, kwa sababu bakteria wanaoendelea kuiozesha huchukua naitrojeni, kirutubisho cha mimea, iliyomo udongoni, na mchicha au lengalenga hudumaa na kuwa manjano. Muuzaji alilibadilisha bila ubishi, jambo ninalomshukuru, lakini mnunuzi asiyejua angelitumia hivyo hivyo. Otesha mbegu chache za mchicha kwenye kopo lenye mboji hiyo. Zikikataa kuota au miche ikinyauka, iache mboji lundoni iendelee kuiva.

La pili ni kipimo. Gunia hujazwa kwa namna nyingi, ilhali mkulima anahitaji kujua ujazo: tabaka la sentimita 5 juu ya tuta lenye mita za mraba 10 linahitaji lita 500, yaani madebe 25 ya lita 20. Wakiuza kwa debe, malalamiko mengi yatakwisha. Bei imezidi kidogo ile ya samadi tupu, na kwa udongo wa mchanga kule mlimani sioni sababu ya kuilipa.

Ichanganye na udongo wa juu, kina cha sentimita 15 hadi 20, wakati udongo una unyevu lakini haunati kwenye jembe, kwani kulima mfinyanzi uliolowa hubomoa hata ule uachanaji uliokwisha kupatikana. Matuta yaliyoinuliwa bado ni ya lazima, na mboji huongezwa kila msimu. Mimi nitaagiza tena mwezi Agosti, kabla mvua hazijaharibu njia ya kuingilia shambani, na nitamwomba muuzaji anitajie mwezi ambao kila lundo lilianza kuozeshwa.