Bendera ya Bavaria: ya euro 12 na ya euro 39

Nina bendera mbili za Bavaria, jimbo la Ujerumani, hapa Munich, zote za poliesta, zote sentimita 90 kwa 150. Ya euro 12 ilitoka duka moja la zawadi katikati ya mji, na ya euro 39 niliagiza kwa watu wanaoshona bendera tu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo naanza na pindo.

Ile ya bei rahisi imepindwa mara moja tu, mshono mmoja, uzi umelegea, kona hazikurudiwa. Bendera hufia upande wa mbali na mlingoti, kule upepo unakoipigapiga, na hii ilianza kufumuka hapohapo kabla Oktoberfest, tamasha letu la bia, haijaisha. Pete za kutundikia nazo ni laini, unazipinda kwa vidole. Ya euro 39 ina mishono miwili sambamba, kiraka cha pembetatu kila kona, na utepe mnene upande wa mlingoti. Hata ukiivuta kwa nguvu, haikunji uso.

Mshono wa ile ya euro 12 naweza kuurudia mwenyewe kwa dakika chache. Mchoro wake ndio ulionikera. Bavaria ina bendera rasmi mbili zenye hadhi sawa: ya milia, nyeupe juu na buluu chini, na ile ya uru nyeupe na buluu, kama uru za karata. Uru hizo lazima zifike angalau 21, ukihesabu na zilizokatwa pembeni. Nimezihesabu: zinafika, hapo wamepona. Lakini katikati wamebandika nembo kubwa ya jimbo, ambayo haimo katika yoyote kati ya hizo mbili. Nembo ni ya ofisi za serikali. Mtu mwingine akitaka kuitumia anaomba kibali Wizara ya Mambo ya Ndani. Muuzaji hakunidokezea lolote, na bendera za namna hiyo zimejaa madukani.

Na wameichapa vibaya, inauma zaidi, maana nembo yenyewe ni nzuri. Aliichora Eduard Ege, ikapitishwa kwa sheria ya Juni 1950. Kila alama ni ya eneo moja la jimbo: simba wa dhahabu ni wa Oberpfalz, meno meupe juu ya nyekundu ni ya Franken, yule mnyama wa buluu ni wa Bavaria ya kale, simba watatu weusi ni wa Schwaben. Juu kuna taji la wananchi, kwa kuwa mfalme hayupo tena. Kwenye bendera yangu dhahabu imekuwa rangi ya haradali, na wale simba watatu huwezi kuwatofautisha na madoa ya wino. Ngao ndogo ya katikati ina uru zilezile, walizorithi Wittelsbach, ukoo uliotawala Bavaria, kutoka kwa watawala wadogo wa Bogen mwaka 1242. Hapa imeyeyukia kwenye uru za nyuma yake, huioni.

(Jirani yangu wa Nürnberg, mji wa Franken, hataki hata moja kati ya hizi. Roshani yake ina meno mekundu na meupe ya Franken, basi.)

Ya euro 12 naipa nyota mbili, kwa ajili ya rangi ya buluu, ambayo haijachujuka. Ya euro 39, nyota nne na nusu. Nusu nimeikata kwa sababu kamba ya kuifungia inauzwa peke yake. Kwa roshani nyembamba chukua ya milia: uru zinataka nafasi ya kujikunjua.