Kujenga fremu ya duka kwenye kiwanja cha halmashauri, Moshi: nyota tatu

Mpango ni huu: halmashauri inatoa kiwanja, wewe unajenga fremu kwa mchoro wake, kisha gharama zako zinarudi kwa punguzo la kodi ya pango. Madiwani wanaweza kubishana kutwa nzima kama huo ni ubia au zawadi. Wewe shika kalamu.

Tuseme fremu imekula milioni 15. Pango la sokoni ni 300,000 kwa mwezi, unalipa 100,000. Unaokoa 200,000, kwa hiyo hela inarudi baada ya miezi 75. Mkataba wa miaka mitano ni miezi 60: milioni tatu zimekwenda na maji. Na hapo mwezi wa kwanza umehesabiwa kabla hata ya mita ya umeme ya LUKU kufungwa!

Dai muhtasari wa baraza la madiwani ulioidhinisha mradi, si ahadi ya mdomo. Mkataba utaje kodi itapandaje, nani anakarabati paa, na muda uanze siku ya kukabidhiwa fremu, si siku ya kusaini. Tunza risiti za nondo na saruji; bila hizo, mthamini ataandika anachoona yeye.

Kumpangisha mwingine kwa kilemba, yaani hela anayokupa ili umwachie fremu? Soma kwanza kifungu cha mkataba kinachohusu hilo, mara nyingi ndicho kinachovunja mkataba.