Gia liva ya kuongeza kwenye Valiant ya otomatiki: aina tatu, na ile niliyobaki nayo

Gari ni Valiant ya Chrysler ya 1967, usukani wa kulia, injini ya Slant Six ya inchi za ujazo 225 (karibu lita 3.7) na giaboksi ya TorqueFlite A904 yenye gia tatu za mbele. Ilitoka kiwandani na kijiti cha gia kwenye kolamu ya usukani. Kazi yake ni ya kila siku: mjini Nakuru, Njoro, na mara kwa mara Kisumu kupitia Mau Summit na Kericho. Si gari la mashindano, na tathmini hii ni ya mtu anayetaka gia ya barabarani.

Kabla hujatoa hela, ingia chini ya gari kwanza. Malalamiko mengi ya "gia ya kolamu imechoka" huwa ni bushi za fimbo zilizolika. Kijiti kinaonyesha D (gia ya kwenda mbele), lakini mkono ulio kwenye giaboksi haujafika D. Shika fimbo kwa mkono uitikise. Ikicheza nusu inchi, badilisha bushi na urekebishe urefu wa fimbo, halafu uendeshe wiki moja. Ikikuridhisha, bakiza pesa zako. Mimi niliendelea kwa sababu nilitaka gia sakafuni, mahali ambapo mkono unaipata bila macho kuondoka barabarani.

Na sababu ya kutaka hivyo ni mteremko. Kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa, au kutoka Kericho kushuka kuelekea Awasi na Ahero, otomatiki ya gia tatu ikiachwa D inakimbia na breki zinabeba mzigo wote. A904 ina uwiano wa 2.45 kwa gia ya kwanza, 1.45 kwa ya pili na 1.00 kwa ya tatu, kwa hiyo kushuka kutoka D hadi 2 injini inapanda mzunguko kwa karibu nusu na kulishika gari vizuri. Kuna jambo ambalo wenye TorqueFlite wengi hawalijui: ukiwa D na giaboksi ikawa kwenye gia ya kwanza yenyewe, kuna klachi ya njia moja ndani inayoachia, na hupati breki ya injini hata kidogo. Ukichagua 1 kwa mkono ndipo bendi ya nyuma, mkanda wa chuma ndani ya giaboksi, inakaza na injini inashika. Kwa hiyo gia liva nzuri kwangu ni ile inayoniruhusu kushuka hatua moja, D hadi 2, nikiwa na hakika sikuruka hadi 1, na wakati wa kurudi juu sikupitiliza hadi N (huru).

Sokoni utakutana na aina tatu zenye maana kwa gari la mtaani.

Ya kwanza ni ile inayofungwa moja kwa moja kwenye mkia wa giaboksi, na fimbo fupi ya chuma kuelekea kwenye mkono wa gia. Lokar hutengeneza za namna hii. Haina kebo ya kuungua, na kwa kuwa liva inatikisika pamoja na giaboksi, injini ikiyumba kwenye mauntini zake marekebisho hayabadiliki. Kwa uimara ningeipa namba moja. Shida ni kwamba giaboksi ndiyo inayoamua liva itoke wapi, si wewe. Kwenye Valiant yenye kiti kirefu cha mbele, kiti kikisogezwa mbele kinaigusa. Pia tundu kwenye nundu ya sakafu lazima liwe kubwa, na mpira wa kulifunika ukipasuka, joto na vumbi la barabara ya Njoro vyote vinaingia ndani.

Ya pili ni ya kebo yenye njia za kupindapinda, kama Z-Gate ya B&M. Kila gia ina kona yake, na unasukuma liva kando ili kuvuka. Ni rahisi kueleweka na haina vitu vingi vya kuharibika. Lakini hizi zimechorwa kwa dereva anayekaa kushoto na kutumia mkono wa kulia. Kwetu mkono ni wa kushoto, na pale mwenzako wa Marekani anapovuta kuelekea mwilini, wewe unasukuma kuelekea kwa abiria. Si kosa la chombo na mtu huzoea, ila ijaribu ukiwa umekaa kwenye kiti kabla hujatoboa sakafu.

Ya tatu, na ndiyo niliyobaki nayo, ni ya kebo yenye racheti. Unasukuma, inagota kwenye gia moja, unaachia, unasukuma tena. Yangu ni B&M Megashifter. Kishikio chake ni cha umbo la T, hakichagui mkono, na kuna kufuli la rivasi ambalo lazima ulifungue kwa makusudi. Kwenye Sachangwan inafanya hasa kile nilichotaka: hatua moja, mgoto, basi. Mtu wa kuegesha na kutoa gari mara hamsini kwa siku ataiona ina kazi nyingi kidogo kati ya P (ya kuegesha) na D. Mimi sioni taabu.

Quarter Stick ya Hurst watu wengi wanaipenda kwa sura. Hicho ni chombo cha mbio za robo maili. Na ukiona liva yoyote iliyoandikwa ni ya mpangilio wa gia uliogeuzwa, iache. Hiyo ni ya giaboksi iliyobadilishwa vali bodi (sehemu ya ndani yenye vali zinazoelekeza oili kwenye kila gia), na yako ya kiwandani inafuata P-R-N-D-2-1.

Kabla ya Megashifter nilifunga nakala isiyo na jina, ya bei ya chini, yenye sura ileile. Niliitoa. Bati la gia ndani yake lilikuwa laini, meno yakaanza kuviringika pembeni, na racheti ikawa inaruka N mara mojamoja. Kebo yake pia ilikuwa na mchezo wa karibu milimita 4 kati ya waya na ganda, na milimita 4 kwenye mkono mfupi wa giaboksi ni robo ya safari kati ya gia na gia. Ukilazimika kununua nakala, jaribu kebo ukiwa bado dukani: shika ganda, sukuma na uvute ncha moja, na uangalie kama ncha ya pili inafuata papo hapo.

Sasa ufungaji, maana hapa ndipo gia liva nzuri inapoharibiwa jina.

Hakikisha kifurushi kina braketi na mkono wa TorqueFlite. Kinachouzwa kama cha giaboksi zote kinaweza kuwa kimejaa vipande vya GM na Ford, vya Chrysler ukatakiwa kuviagiza kando. Kama vimekosekana, mafundi wa jua kali pale Kibuye, Kisumu, wanaweza kukukunjia braketi, lakini wape bati la milimita 4 au 5, si la 2. Braketi nyembamba inajipinda kebo inaposukuma, na safari inayopotea pale hairudi kwa marekebisho yoyote. Jaribio lake ni rahisi: mtu akae ndani abadilishe gia, wewe lala chini uitazame braketi. Ikipumua hata kidogo, iongeze mbavu ya kuchomelea.

Braketi inashikwa na bolti za sampu, bakuli la oili chini ya giaboksi. A904 ina bolti 14 za sampu, saizi 5/16 yenye nyuzi 18 kwa inchi. Fundi atachukua bolti ya M8 kwenye kopo kwa sababu inaonekana sawa: 5/16 ni milimita 7.94. Itaingia mizunguko miwili, itakaza, akiongeza nguvu nyuzi za aluminiamu zinakatika na sasa una giaboksi inayovuja na tundu la kuwekea bushi ya nyuzi. Nunua 5/16 halisi, ndefu kuliko za awali kwa unene wa braketi tu. Toa na urudishe bolti mojamoja, usifungue zote za upande mmoja. Kaza hadi niutoni-mita 17, si zaidi. Sampu ni bati, ukizidisha inapinda kuzunguka kila tundu na gasketi inavuja katikati ya bolti. Baada ya gari kupata moto na kupoa, pitia tena.

Kwenye ubavu wa kushoto wa giaboksi kuna mikono miwili juu ya shafti moja: mmoja wa gia, mwingine wa throto unaotoka kwenye kabureta. Braketi mpya hupenda kugombana na fimbo ya throto, na kuna mafundi ambao huing'oa "kwa muda". Usikubali. Fimbo hiyo ndiyo inayoiambia giaboksi injini inavuta kiasi gani. Ikikosekana, presha ya oili inakuwa ndogo, gia zinaingia mapema na kwa ulegevu, na klachi zinaungua kabla hujafika Molo. Ikigusa, pinda braketi.

Kebo ndiyo inayotaka subira zaidi. Kwenye Slant Six ekzosi inashuka upande wa kushoto, upande uleule wa mkono wa gia, iwe usukani uko kulia au kushoto. Ganda la kebo lina plastiki ndani. Likipata joto la ekzosi linalainika, waya unakwama, na liva inakuwa ngumu gari likiwa moto, nyepesi likiwa baridi. Hiyo ni dalili ya kuungua, wala si ya kukosa grisi. Acha nafasi ya kiganja kizima kati ya kebo na bomba, na pale isipowezekana funga kingio la bati kwenye bomba lenyewe. Mkunjo wowote uwe mpana: duara lake lisipungue inchi 12 toka upande hadi upande, kama sufuria ya ugali wa familia. Kebo ndefu yenye mkunjo mpana inafanya kazi vizuri kuliko fupi iliyolazimishwa kona.

Liva nimeifunga kwa bolti nne zinazopita sakafuni, na washa pana chini yake. Skrubu za kujikata hazifai, bati la sakafu la umri huu linaachia. Sogeza kiti mbele kabisa, peleka liva kutoka P hadi 1, hakikisha haigusi kiti wala dashibodi, kisha weka alama. Anza na drili ya milimita 3 na uchungulie chini kabla ya kupanua, bomba la petroli na la breki yapo huko. Tundu la kebo liwe na mpira na silikoni.

Kurekebisha: injini imezimwa, magurudumu ya mbele yamezuiwa kwa mawe, nyuma yako juu ya stendi, si jeki peke yake. Ukiwa chini, peleka mkono wa giaboksi kwa vidole hadi mwisho wa upande mmoja na ujaribu kuzungusha propela. Ikijifunga, hapo ni P. Hesabu migoto kuelekea upande wa pili: R, N, D, 2, 1. Rudisha P, weka liva P, kisha zungusha kiungo cha ncha ya kebo mpaka pini iingie kwenye tundu yenyewe, bila kuvutwa wala kusukumwa. Usiishie hapo. Toa pini na uijaribu tena kwenye kila gia. Kama P ni sawa lakini 1 haifiki, safari ya kebo haitoshi, basi hamishia pini kwenye tundu lililo karibu zaidi na shafti. Likiwa karibu, safari ileile inazungusha mkono zaidi. Ikipitiliza, nenda tundu la mbali. Vali ya ndani inayosogezwa na mkono huo ikisimama katikati ya gia mbili, presha inagawanyika na klachi zinateleza. Hutasikia kelele yoyote, utasikia harufu.

Umeme ni mfupi. Swichi ya kuzuia stata gari likiwa kwenye gia, kwenye TorqueFlite imo ndani ya giaboksi, inaipa relei ya stata ethi ikiwa P au N. Iache, usiunganishe ile ya liva juu yake. Swichi ya pili ya liva nimeitumia kwa taa za rivasi, kwa sababu fimbo za kolamu zimeondolewa. Mwishowe jaribu stata kwenye kila gia huku umekanyaga breki. Iwake P na N peke yake.

Oili pima injini ikinguruma, giaboksi ikiwa moto, liva ikiwa N. Kwenye P giaboksi hii haipeleki oili kwenye tokikonveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), na kipimo kinadanganya.

Baada ya kilomita 500 nilikuta kiungo cha kebo kimezunguka nusu duru kwa sababu nati ya kufungia haikuwa imekazwa vya kutosha, kosa langu. R ilikuwa imeanza kuingia kwa kuchelewa. Nimeweka nati ya pili, na alama ya rangi nyeupe ikipita juu ya nati zote mbili ili nikichungulia chini nione kama imesogea.