Kuhamisha blogu kutoka Blogger kwenda WordPress: uzoefu wangu hapa Lamu

Watu wamekua wakiniuliza kama kuhama kutoka Blogger, ile huduma ya blogu ya Google, kwenda WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, kunafaa. Jibu langu ni kunafaa, tena sana, ila usihame kwa sababu umeona themu nzuri, yaani sura ya tovuti. Hama ukishakua na hakika kwamba linki zako za zamani na komenti za watu zitafika salama, maana hizo ndo blogu yenyewe, hayo mengine ni chokaa tu ya ukuta.

Blogu yangu ni ya nyumba za kale za mji huu, zidaka (vishubaka vya ukutani), milango ya kuchonga, daka (vibaraza vya mlangoni) za mtaa wa Mkomani, na mara moja moja naandika kuhusu vyombo vya bahari vinavyoundwa kijiji cha Matondoni. Mji umeingia kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001 lakini nyumba zenyewe zaendelea kubadilika, hii imeuzwa, ile plasta imeanguka, ile imeongezwa ghorofa, kwa hivyo picha ya miaka ilopita kwangu ni ushahidi. Na komenti ni zaidi ya picha. Kuna posti moja niliweka picha ya zidaka za chumba cha ndani, nyumba yenyewe hata sikua najua ni ya nani, akaja mama mmoja yuko Jeddah akaandika kwamba hicho ndo chumba alichoolewa bibi yake, akaeleza safu ipi ilikua ya sahani za kichina na ipi ya misahafu, na kwamba kile kidaka cha pembeni kilichovunjika kilivunjwa na watoto wakicheza. Chini yake wakaja jamaa zake wengine, mmoja wa Mombasa, mmoja Muscat, wakajazia. Maelezo yale sijayaona pengine popote. Sasa niambie, mtu akikwambia "hamisha tu posti, komenti si muhimu" utamuelewa vipi?

Blogger wallahi sina ugomvi nayo. Ni ya bure, Google waliinunua 2003 na mpaka leo yafanya kazi, na domeni yako ya .co.ke unaiunganisha bila kulipia hosti yoyote, yaani seva ya kuwekea tovuti. Mimi nilichokua nataka ni kupanga vitu kwa ngazi, yaani mtaa kwanza, ndani ya mtaa aina ya kitu, na lebo za Blogger zote ziko sawasawa hakuna iliyo chini ya nyengine. WordPress kategoria zaingiana vizuri. Alafu nilitaka faili zote ziwe mkononi mwangu, nikitaka bekapu nachukua mwenyewe naweka kwenye diski nyumbani.

Niliitazama na Ghost, programu nyengine ya blogu, ile ilotoka 2013, kwa mtu anayetuma jarida kwa imeli ni nzuri maa shaa Allah na kuandikia ndani yake kwapendeza, lakini ukitaka kuiweka mwenyewe yataka seva yako na programu ya Node, haikai kwenye hosti ya bei ndogo ya kushiriki na wenye tovuti wengine. WordPress yakaa popote penye PHP na MySQL, programu za kawaida za seva, ndo maana zaidi ya asilimia 40 ya tovuti za dunia ziko juu yake. Na hapa tuelewane, nazungumzia ile programu ya bure unayoiweka kwenye hosti yako, si WordPress.com ambayo ni huduma ya kampuni yenye pakeji zake.

Kuingiza posti zenyewe kulikua rahisi. Blogger walinipa faili moja la posti, kurasa na komenti, WordPress ina kiingizaji chake cha Blogger, unapakia, unachagua nani awe mwandishi, basi. Komenti zikaja na majina na tarehe zake, nilienda moja kwa moja kwenye ile posti ya zidaka nikamkuta yule mama na jamaa zake wote wapo kwa mpangilio ule ule, nilifurahi sana jamani.

Picha ndo zataka subira. Faili lile ni maandishi tu, picha zabaki kwenye seva za Google na posti zako zinaziita kutoka huko, kwa hivyo ukiangalia juu juu utadhani umemaliza kumbe hujahama. Kuna plagini, yaani programu ndogo za kuongezea WordPress, za kuzivuta zikaingia kwako, lakini kabla hujaziwasha fungua faili uangalie anwani za picha. Katikati mwa anwani utaona kitu kama s320 au s400, hiyo ndo saizi, na plagini nyingi zavuta ile ile inayoonekana kwenye ukurasa, kwa hivyo utapata kapicha kadogo na ile kubwa yabaki nyuma. Mimi nilibadilisha zote ziwe s1600 ndani ya faili kwanza, kwa kutafuta na kubadilisha kwenye programu ya kawaida ya maandishi, ndo nikaingiza. Kwa picha za nakshi za milango tofauti ni kubwa mno, kwenye s320 maua yote yaonekana kama doa.

Na WordPress ikishapokea picha kubwa yajitengenezea saizi kadhaa na simu yachagua inayoifaa, kwa hivyo msomaji wa kisiwa cha Pate mwenye bando dogo halazimiki kushusha picha nzima. Hili peke yake latosha kunifanya nisirudi. Jua tu kwamba nakala zote hizo zakula nafasi kwenye hosti, nunua yenye nafasi.

Linki sasa. Blogger anwani zake ni mwaka, mwezi, jina la posti, na .html mwishoni. WordPress kwenye mipangilio ya viungo yakubali uandike muundo huo huo, ukaandika, na domeni ni ile ile, linki nyingi zikafunguka siku hiyo hiyo. Zilizokataa ni zile zilizosambazwa WhatsApp, na hapa kwetu zote zasambaa WhatsApp. Blogger mtu akisoma kwa simu yaongeza ?m=1 mwisho wa anwani, na kwa WordPress hiyo herufi m ina kazi yake nyengine, yatumika kutafuta posti za mwezi fulani, kwa hivyo yaenda kutafuta mwezi usiokuwepo na msomaji aambiwa ukurasa haupatikani. Si kosa la yeyote, herufi moja yatumika kwa mambo mawili. Dawa yake ni sheria fupi kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, inayoikata hiyo ?m=1 na kumpeleka mtu kwenye anwani safi kwa 301, yaani agizo la kuhamia anwani nyengine kwa kudumu. Fanya hivo kabla hujatangaza umehama, manake magrupu ya familia linki za miaka mitano nyuma bado zazunguka.

Hosti niliyoanza nayo sitaitaja. Uingizaji ulikua wakatika katikati kwa sababu walibana memori, natuma tiketi najibiwa kesho yake kwa majibu ya kunakili, mara naambiwa ninunue pakeji kubwa. Nikahamia kwa wengine, nalipa kwa M-Pesa, nikipiga simu yupo mtu aniskiliza na alinielewesha mpaka cheti cha https cha bure cha Let's Encrypt kikakaa. Bei hazikutofautiana sana, kwa hivyo kabla hujalipa wapigie kwanza uone kama wanapokea.

Ukubali pia kwamba sasa kazi ni yako. Masasisho ya WordPress na plagini usiyalaze, na plagini usiyoitumia iondoe kabisa. Kama waandika mara moja kwa miezi na huna hamu ya kushughulika na vitu hivi, kaa Blogger, hakuna aibu.

Mimi sasa nimebakisha kuzipanga posti za mtaa wa Langoni kwenye kategoria zake mpya. Anayetaka ile sheria ya ?m=1 aniambie nitamtumia, pamoja na muundo wa viungo niliouandika, anakili tu.