Nimechorewa ukoo mzima na vijana wa Ngamiani, pazuri ni hapa, pabovu ni hapa

Wadau salama, watu wameniuliza sana kuhusu ile picha ya ukoo niliyoweka status, imechorwa na nani na kwa shilingi ngapi, basi naandika mara moja nisirudie rudie. Jina la ofisi silitaji maana kuna sehemu nitawasema na vijana wenyewe ndo kwanza wanaanza kazi. Ni chumba kimoja Ngamiani, Tanga, kwenye hizi barabara za namba, juu ya duka la vyombo, wanatengeneza tovuti na mifumo ya kuonyesha data kwa michoro.

Mi ndo katibu wa ukoo wetu, upande wa bibi mzaa mama, asili Pangani, wengine wako Tongoni, Muheza, Mombasa na Muscat wapo. Tuna grupu la WhatsApp na tuna daftari aliloacha marehemu mjomba, ukijumlisha yanafika majina 412. Kila msiba ukitokea linaanza lile swali, huyu kwetu ni nani hasa, afu wazee wawili wanabishana mpaka jeneza linatoka. Nikaona tupate kitu cha kwenye simu, mtu anabonyeza jina anaona. Bei laki tatu na nusu, nusu mwanzo nusu mwisho, wiki tatu. Zikawa saba ila Ramadhani iliingia katikati, hilo nimewasamehe.

Toleo la kwanza kwa macho ni zuri mno, nukta zinang'aa zinaelea kama vimulimuli na mistari inazivuta huku na huku, nilirekodi nikarusha hapo hapo. Shida ilianza nilipompelekea mama mkubwa. Ana miaka themanini na kitu, yeye ndo kamusi yetu. Kavaa miwani, kaishika simu mbali kidogo, kaangalia, akasema "mwanangu, hili jarife limenasa takataka." Jarife ni ule wavu mkubwa wa kuvulia samaki. Nikacheka ila alikuwa sahihi kabisa. Watu 412 wote kwa mpigo na mistari yao yote, hata jina la mtu hulisomi. Na kibaya zaidi hiyo programu inapanga nukta kwa kuzifanya zisukumane na mistari izivute kama springi, na inaanza kuzipanga upya kila ukifungua, kwahiyo jana mjomba alikuwa kushoto karibu na mkewe, leo yuko kona ya chini na mkewe kule juu. Mama mkubwa akaniuliza wameachana lini.

Nikarudi kwao nikawaeleza, na hapa nawapa sifa, hawakununa. Yule kijana mwembamba akaniambia kuna kanuni ya zamani ya mtaalamu wa Marekani Ben Shneiderman, ya 1996, kwamba kwanza mwonyeshe mtu picha nzima, kisha avute karibu na achuje, undani uje akiuomba. Wao walifanya la kwanza tu hayo mengine wakayaacha. Nkamwambia hata hilo la kwanza kwa watu wetu sio mwanzo, mtu wa kwetu haulizi ukoo wote ukoje, anaanza na yeye mwenyewe au anaanza na marehemu. Toleo la pili ndo likaja hivyo: unaandika jina, mtu anakaa katikati, wazazi juu, watoto chini, ndugu pembeni, mwenzi kulia kwake, wengine wanabaki kama kivuli mpaka ubonyeze. Na kila mtu ana mahali pake, ukifungua leo na kesho yuko palepale. Mzee anamkumbuka mtu kwa mahali alipo, kama unavyoikumbuka nyumba kwa mwembe ulio mbele yake.

Sasa kuna kazi ya chini ya mchoro, hii haionekani ila ndo iliyonila muda. Data zao wanaziweka kwa mtindo wa RDF, ule ambao W3C, wale wanaoweka viwango vya wavuti, waliupitisha 1999, na hata Wikidata, ile hazina ya data ya ndugu zake Wikipedia, wanatoa data zao kwa mtindo huo, yani kila habari ni kipande cha sehemu tatu: fulani, mama yake ni, fulani. Uzuri wake kila mtu anapewa anwani yake peke yake, kama namba ya kitambulisho, na jina linakuwa lebo tu ya kusoma. Sa kwetu majina yanarudi, kina Hamisi Saidi tunao watano. Vijana mwanzoni walifanya haraka wakawatambua watu kwa jina badala ya anwani, matokeo yake babu aliyefariki 1974 akaonekana kaoa Mombasa 2011. Grupu lilichangamka siku mbili, mtu mmoja kaandika "babu kaoa kimya kimya hata pilau hatukula".

Afu likaja la nani ni nani kwa nani. Walichukua misamiati iliyopo tayari, yani orodha za majina ya uhusiano, mmoja FOAF (rafiki wa rafiki) wa tangu 2000, uhusiano mkubwa humo ni "anamfahamu". Jamani kwenye ukoo kila mtu anamfahamu mwenzie, hata yule asiyemsalimia. Wikidata wana baba, mama, ndugu, mwenzi, mtoto, wengine karibu wote wanaingia kapu la "jamaa". Mjomba aliyekusomesha umwite jamaa? Tulibishana hapo kama saa nzima na kahawa ikapoa, mwisho yule dada anayeshughulika na data akaleta akili ya maana: tusiandike mjomba popote, tuandike tu mama wa kila mtu na baba wa kila mtu, mashine yenyewe ikikuta kaka wa mama inatamka mjomba, ikikuta dada wa baba inatamka shangazi. Na kweli inafanya. Unabonyeza watu wawili inakuambia kwa Kiswahili, "ni binti wa mjomba wa mama yako", na njia yote inawaka kuanzia kwako mpaka kwake. Hiki kipengele peke yake nimeona kimelipa hela yangu.

Baba mkubwa na baba mdogo ndo walitutoa jasho, maana lazima ujue nani alizaliwa kwanza, na fomu yao ilikuwa inalazimisha tarehe kamili, siku mwezi mwaka, la sivyo haihifadhi. Wazee wetu wanajua "alizaliwa mwaka wa njaa". Watu wakawa wanajaza tu 1 Januari ili wapite, ukoo mzima ukawa umezaliwa siku ya mwaka mpya. Nikakaa na mama mkubwa jioni mbili barazani, sikumuuliza mwaka wowote, nilimuuliza nani alimtangulia nani, akanipangia watoto wa kila tumbo bila kukwama. Vijana wakaongeza kisanduku cha "alizaliwa kabla ya" na mwaka ukaachwa wazi, ikakubali.

Jioni ya pili kaweka kidole kwenye skrini akauliza "hawa wawili mbona umewaacha mbali hivi, wamenyonya titi moja hawa." Wajameni nilishtuka. Ndugu wa kunyonya kwa sheria ya Kiislamu hawaoani, na wajukuu wako Dar huko wanakutana vyuoni hawajuani. Hakuna msamiati wowote wa kuchukua tayari tuliouona wenye hilo, ikabidi vijana watunge uhusiano mpya kabisa. Kwanza waliutia mstari mwekundu wakati ndoa ni kijani, na tuna baba mdogo mmoja hatofautishi rangi hizo mbili, kwake yeye waliooana na walionyonya pamoja ni kitu kimoja! Sa hivi ni mstari wa vipande vipande, hata ukiprinti nyeusi na nyeupe unaonekana.

Lawama yangu kubwa sasa. Waliweka namba za simu za watu wote na linki ilikuwa wazi, bila nywila, yeyote akiipata anaona mpaka watoto wadogo na nani kaachana na nani. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na mtu anayelipwa kutengeneza mifumo ya data hapaswi kuisikia kwa mteja. Waliifunga, lakini ilichukua siku kumi na mbili na mimi nikiwafuata na bodaboda kila baada ya siku mbili. Namba nimezitoa zote kwenye data, siku hizi aliye hai anaonekana jina tu mpaka uingie kwa nywila, marehemu wanaonekana wote.

Mengine madogo. Kutafuta jina ni kugumu, ukiandika Mwana Hamisi kwa kutenganisha hupati Mwanahamisi, inakuambia hayupo kabisa wakati yupo. Na inapakia picha za watu wote kwa mpigo hata kama unamtaka mmoja, wa Muscat hawaoni shida, ndugu zetu wa kijijini Mkwaja wanaona kiduara kinazunguka tu mpaka bando linakata. Nimewaambia, wamesema wiki ijayo, hii ni wiki ya tatu ya wiki ijayo.

Nyota nne kasoro kidogo kwa mchoro, mbili kwa usiri. Ukienda waambie mapema unataka mtu mmoja katikati na sio jarife, nenda na mpangilio wa uzao badala ya tarehe, na namba za simu za watu acha nyumbani. Ijumaa mchana hawapo. Na ukisema nimekutuma mimi bei haishuki, nimejaribu kwa shemeji yangu.